Mwaka 1996: Nani Aliwahesabu Watu Wetu?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya walimu, wanachuo na wananchi katika mkutano uliofanyika Butimba, Mwanza)





Nimepewa jukumu la kuzungumza juu ya mwaka mmoja katika historia ya nchi yetu, nami nimeuchagua mwaka 1996. Wanachuo mliokaa mbele yangu hamkuwa mmezaliwa. Wazee walioko nyuma wanaukumbuka vizuri, na baadhi yao wangependa kuusahau. Wako watakaouliza kwa nini sikuchagua 1961, mwaka wa uhuru, au 1967, mwaka ambao Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza hii kuliunga mkono Azimio la Arusha. Miaka hiyo ina wasemaji wengi. Mwaka 1996 husemwa kwa tukio moja tu, nalo husemwa siku moja tu kwa mwaka, kisha watu hurudi kwenye shughuli zao.

Mwaka huo ulianza nchi ikiwa na Rais mpya. Benjamin William Mkapa alikuwa ameapishwa tarehe 23 Novemba 1995, baada ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo uliporudishwa. Kwa upande wa Zanzibar uchaguzi huo uliacha jeraha. Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya asilimia 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad. Chama cha CUF kilikataa hesabu hiyo, wawakilishi wake wakasusia vikao vya Baraza, na ugomvi ukaendelea hata ulipotiwa saini muafaka wa mwaka 1999. Basi mwaka 1996 ulianza na swali la kuhesabu: je, watu wamehesabiwa sawasawa? Naomba mlishike swali hilo, kwa maana katika mwaka huo lilijitokeza tena na tena, kila mara kwa sura nyingine.

Mwezi Januari Rais aliunda tume ya kuchunguza kero ya rushwa chini ya uenyekiti wa Jaji Joseph Sinde Warioba. Tarehe 14 Machi Sekretarieti ya Ushirikiano wa Afrika Mashariki ilizinduliwa mjini Arusha, miaka 19 baada ya Jumuiya ya zamani kuvunjika. Mwezi Aprili na tena Juni, mji wetu wa Mwanza ulipokea wajumbe kutoka Burundi waliokuja kwa mazungumzo ya amani yaliyosimamiwa na Mwalimu Nyerere. Mazungumzo hayo hayakuzaa matunda wakati ule, kwani tarehe 25 Julai Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa nguvu mjini Bujumbura, na siku sita baadaye viongozi wa nchi za jirani walikutana Arusha wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo. Katikati ya hayo yote, baina ya kikao cha kwanza cha Mwanza na cha pili, ndipo lilipotokea lile ambalo kwalo mwaka huo unakumbukwa.

Asubuhi ya Jumanne

Ilikuwa Jumanne, tarehe 21 Mei 1996. Waislamu walikuwa ndiyo kwanza wameingia mwaka mpya wa 1417 Hijria, siku chache tu za Muharram zikiwa zimepita. Meli ya MV Bukoba, iliyoanza kazi katika ziwa hili mwaka 1979, ilikuwa imeondoka Bukoba jioni ya jana yake, ikapita bandari ya Kemondo kuchukua watu na mizigo, na sasa ilikuwa inakaribia mwisho wa safari yake. Abiria walikwisha amka. Wengine walikuwa wamesimama wakitazama nchi kavu ya Mwanza. Meli ikalala ubavu, kisha ikapinduka.

Ndugu zangu, wanachuo wa somo la sayansi wanajua kwa nini chombo hupinduka. Chombo cha majini husimama kwa sababu uzito wake uko chini. Ukiweka mizigo juu, ukawaweka watu juu ya mizigo, kisha watu wale wakahamia upande mmoja kwa pamoja, uzito unapanda na chombo kinapoteza uwezo wa kujirudisha. Haihitajiki dhoruba. Meli ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote aliyesimama bandarini.

Yaliyofuata ndiyo yanayowaumiza zaidi waliokuwapo. Meli haikuzama mara moja. Ilielea tumbo likiwa juu, na ndani yake watu walikuwa hai, wakigonga chuma kwa ndani ili wasikike. Waokoaji wakaamua kulitoboa tumbo la meli ili wawatoe. Sasa mchukue kikombe, mkipindue, mkizamishe katika ndoo ya maji. Mtaona kwamba hewa imebaki ndani na maji hayapandi. Mkikitoboa kitako, hewa inatoka juu na maji yanachukua nafasi yake. Ndivyo ilivyokuwa. Hewa iliyokuwa ikiwahifadhi wale waliokuwa hai, na iliyokuwa ikiielesha meli yenyewe, ilitoka kupitia tundu lile, na MV Bukoba ikaenda chini mbele ya macho ya watu. Sisemi hili kuwalaumu waliolitoboa. Walikuwa wanajaribu kuokoa, wala hawakuwa na wapiga mbizi wala vifaa. Wapiga mbizi walitoka mbali, wakiwamo wa jeshi la majini la Afrika ya Kusini, nao walipofika kazi iliyobaki ilikuwa ni kutoa maiti.

Rais alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Maiti zililazwa katika uwanja wa Nyamagana ili jamaa wazitambue. Zile ambazo hazikutambuliwa, na ambazo joto la siku zile halikuruhusu zingoje, zilizikwa Igoma, Waislamu kwa Wakristo pamoja, kwa sababu hapakuwa na aliyeweza kusema huyu ni nani.

Daraja la tatu

Walikufa wangapi? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Katika vitabu na magazeti mtakuta idadi mbalimbali. Wengine huandika watu 800 na ushee, wengine huandika zaidi, na wako wanaosema walikaribia 1,000. Tofauti hiyo haikuletwa na uzembe wa waandishi. Chanzo chake kimo katika karatasi za meli yenyewe. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mwenye fedha za kulala kitandani aliandikwa jina, na aliyekaa sakafuni juu ya mkungu wake wa ndizi hakuandikwa popote. Meli ilipozama, tuliweza kuwataja wale wa juu, ila wale wa chini tuliwakadiria.

Ndani ya meli ile alikuwamo hata mtu aliyekuja kujulikana baadaye duniani kote kuwa mmoja wa wakuu wa kundi la al-Qaeda, Abu Ubaidah al-Banshiri. Wenzake walipopata habari walituma watu mpaka huku Mwanza kuthibitisha kama kweli amekufa. Basi tazameni: kundi la siri lilimtafuta mtu wake likajua habari zake, na mama wa Kihaya aliyekuwa anapeleka ndizi sokoni Mwanza alibaki kuwa sehemu ya makadirio.

Jambo hili si la heshima tu. Lina hukumu zake katika sheria yetu, na masheikh waliopo watanisahihisha nikikosea. Mtu akifa, mke wake anakaa eda ya miezi minne na siku kumi, mirathi inagawanywa, madeni yake yanalipwa na wasia wake unatekelezwa. Lakini mtu aliyetoweka, ambaye uhai wake haujulikani wala kifo chake hakijulikani, wanazuoni wanamwita mafqud, na hukumu yake ni nyingine kabisa. Mali yake haigawanywi ovyo. Mke wake hawezi kuolewa hivi hivi. Wanazuoni wametofautiana juu ya muda wa kungoja, na rai mashuhuri ya Imam Malik ni kwamba mke angoje miaka minne, kisha ndipo aanze eda ya kufiwa. Hata pale ambapo kadhi anaweza kufupisha muda huo kwa sababu dalili za kifo ni nyingi, bado zinahitajika dalili kwamba mtu huyo alipanda chombo. Atazitoa wapi mjane ambaye mumewe hakuandikwa? Atasema, alitoka nyumbani Jumatatu akasema anakwenda Mwanza. Basi. Karani aliyeona kuandika majina ya daraja la tatu ni usumbufu alimzuilia mwanamke asiyemjua eda yake, na mayatima asiowajua mirathi yao. Sina hakika kama karani yule aliwahi kulifikiria jambo hilo. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyemfundisha kulifikiria.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Robert Kisanga. Watu kadhaa walishtakiwa, akiwamo nahodha, na mwishowe Mahakama Kuu iliwaachia huru. Baadaye huduma ya meli ilitolewa katika Shirika la Reli na kuwekwa chini ya kampuni yake yenyewe.

Kadi ya mkimbizi na tiketi ya raia

Sasa tuitazame habari nyingine ya mwaka uleule, katika mkoa uleule wa Kagera ambako meli ile ilitoka.

Tangu mwisho wa Aprili 1994, wakati watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 tu, wilaya za Ngara na Karagwe zilikuwa zimebeba mzigo wa wakimbizi wa Rwanda ambao haukuwa na mfano. Kambi ya Benaco ilikuwa na watu wengi kuliko miji mingi ya nchi yetu. Mashirika yaliyowahudumia yalijitahidi kuwahesabu, kwa sababu chakula hakigawanywi bila hesabu. Viongozi wa kambi walijaribu mara nyingi kuziongeza hesabu hizo kwa faida yao, wahesabuji wakaanza upya. Kila jamaa ilikuwa na kadi yake. Mwezi Desemba 1996 serikali yetu ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warejee kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Karibu nusu milioni ya watu walivuka tena Rusumo kurudi walikotoka. Wako waliojaribu kukimbilia ndani ya nchi wakarudishwa na askari, na mashirika ya haki za binadamu yalilalamika kwamba urejeshaji ule haukuwa wa hiari. Mimi naona malalamiko yale yalikuwa na haki, ijapokuwa naelewa pia uchovu wa watu wa Ngara ambao misitu yao ilikwisha kuwa kuni.

Lakini nililokusudia ni hili: katika mwezi wa Mei 1996, ndani ya mkoa mmoja, mkimbizi wa Benaco alikuwa ameandikwa katika kadi, na raia wa Tanzania aliyepanda meli Kemondo hakuwa ameandikwa. Siseni hivi kwa kumwonea mkimbizi kijicho. Nasema kwa sababu watu hutuambia kwamba nchi maskini haiwezi kuhesabu watu wake. Kumbe iliwezekana pale palipokuwa na mtu aliyeona kwamba kazi hiyo ni lazima.

Hata fedha zilipata bahati hiyo. Tarehe 1 Julai 1996, majuma sita tu baada ya msiba, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kazi, kwa lengo la kwamba shilingi ya serikali isipotee njiani. Nayo ni kazi njema, wala hakuna Mwislamu anayefaa kuipinga. Ila tulijifunza kuifuata shilingi kabla hatujajifunza kumfuata abiria.

Mwezi Agosti ukaja mzozo wa Bulyanhulu, huko Kahama, ambako wachimbaji wadogo waliondolewa ili kumpisha mwekezaji. Kulitokea madai kwamba watu walifukiwa wakiwa hai ndani ya mashimo. Serikali na kampuni zilikanusha, na mwaka 2002 ofisi ya Benki ya Dunia inayoshughulikia malalamiko ilieleza kwamba madai hayo hayakuthibitika. Sina la kuongeza juu ya hukumu hiyo. Nasema tu kwamba shaka isingedumu miaka yote ile kama kungekuwa na daftari la walioingia mashimoni na waliotoka, daftari ambalo pande zote mbili zingeliamini. Mtu aliyeandikwa anaweza kutafutwa na kuonyeshwa kwamba yu hai.

Mwezi Oktoba palikuwa na uchaguzi mdogo wa Temeke, ambapo Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi aliibuka mshindi, na kwa siku kadhaa magazeti hayakuwa na habari nyingine. Hilo nalipita.

Mwezi Desemba Jaji Warioba aliwasilisha taarifa yake. Ilieleza kwamba rushwa iko ya namna mbili: ile ndogo ya mtumishi ambaye mshahara haumtoshi, na ile kubwa ya wenye uwezo ambao msukumo wao ni tamaa. Wengi walipoisoma walitafuta kurasa za wakubwa, wakafurahi kuona mambo yao yametajwa. Mimi napendelea tuzisome pia zile za wadogo, kwa sababu chombo hakijazwi kupita kiasi na waziri. Kinajazwa na mtu mmoja anayemruhusu mwenzake apande, kisha mwingine, kisha jamaa ya rafiki yake, na abiria naye anashukuru kwa kufanyiwa hisani. Abiria wa mwisho kuingia hakuona kama ametendewa dhuluma. Aliona amepata bahati.

Yaliyofuata ziwani

Huenda mtu akasema hayo ni ya zamani. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, kikiwa kimebakiza mwendo mfupi kufika. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Kwa mara nyingine taifa liliuliza: walikuwa wangapi ndani? Na kwa mara nyingine jibu lilikuwa gumu, kwa sababu mkata tiketi na chombo chake walikwenda chini pamoja na kivuko. Orodha inayozama na meli haina faida kwa mtu yeyote. Orodha yapasa ibaki nchi kavu. Jambo dogo namna hii lilikuwa bado halijafanyika miaka 22 baada ya MV Bukoba. Siku mbili baada ya ajali, fundi mmoja wa kivuko alitolewa akiwa hai, akiwa amehifadhiwa na hewa iliyobaki ndani. Waliokumbuka mwaka 1996 walilia kwa sababu mbili.

Mlinganishe na tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba. Ziwa ni hilihili, watu ni walewale, na waliotangulia kufika walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao, kama ilivyo desturi. Lakini siku ileile nchi nzima ilijua kwamba ndani mlikuwa na watu 43, na kwamba 19 walifariki na 24 waliokoka. Kila jamaa ilijua mtu wake yuko upande gani. Hakuna aliyebaki mafqud. Kwa nini? Kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuingia katika ndege bila jina lake kubaki uwanjani. Abiria wa ndege si mja bora kuliko abiria wa kivuko cha Ukara, wala damu zao hazitofautiani mbele ya Mwenyezi Mungu.

Hapa kwetu mambo yameanza kubadilika. Tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, na wale waliokuwa wakipanga foleni ya kivuko sasa wanapita juu ya maji kwa gari. Alhamdulillahi. Lakini visiwa vya Ukerewe havitajengewa madaraja yote, wala wavuvi hawataacha kupakia jamaa zao katika mitumbwi. Ninyi wanachuo mtapangiwa shule katika visiwa hivyo. Mtapanda vyombo hivyo kila mwisho wa mwezi kufuata mshahara. Siku hiyo mtakapoambiwa, mwalimu ingia tu, nafasi ipo, tutaandika mbele ya safari, ndipo itakapojulikana kama mlinisikia.

Kabla sijaketi, nina ombi moja, nalo nimekwisha kuliomba kwa Mwenyekiti akalikubali. Zaidi ya nusu ya waliomo humu wana asili ya Kagera, Ukerewe, Sengerema au Mwanza mjini. Katika kila ukoo wa pande hizi yuko mtu anayesemwa kwamba alikwenda na meli. Wengine majina yao yako Igoma katika mnara. Wengine hayapo popote, hasa wale wa daraja la tatu. Wale wanaowajua wanazeeka, na kila mwaka tunawazika baadhi yao. Likizo ijayo muwaulize bibi na babu zenu: aliitwa nani, mtoto wa nani, alitoka kijiji gani, alipandia Bukoba au Kemondo, alikuwa anakwenda kufanya nini Mwanza, na je, alikuwa na deni au wasia. Muandike kama mnavyosimuliwa. Dini yake isiwe kizuizi, muandike wote. Daftari la kwanza liko hapa mezani pamoja na Katibu, nalo lina majina tisa tuliyoyapata kwa wazee wa Butimba peke yake kabla ya sala ya adhuhuri leo. Walio na majina tayari wapite kwake sasa, wasingoje likizo.